Mahamri ya saa moja asubuhi, na maswali mengine ya Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu

Mimi niko Likoni, Mombasa. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikiwasha ile simu ya kuigiza ndani ya Android Studio, mashine yote inaganda. Ninunue nyingine?

Weka pesa zako mfukoni kwanza. Kinachokula kumbukumbu ni hiyo simu ya kuigiza, na wewe tayari una simu ya kweli mkononi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uguse nambari ya muundo mara 7. Chaguo za wasanidi zitafunguka; humo washa utatuzi wa USB, kisha chomeka kebo. Iwe kebo ya data, maana nyaya nyingi za chaja hupitisha umeme tu. Mimi nilipoteza alasiri nzima kwa waya wa shilingi 100 niliounyakua Mwembe Tayari, nikilaumu Flutter bure.

Msimbo uandikie kwenye VS Code, ambayo ni nyepesi. Android SDK, yaani zana za kujengea programu za Android, bado utaihitaji. Amri ya `flutter doctor` itakwambia kilichopungua.

Nauza mahamri na viazi karai hapa Kibokoni. Nimetengeneza programu ndogo ya kupokea oda, lakini mteja akitaka saa moja asubuhi, mimi huletewa saa 1:00 usiku wa manane. Kosa liko wapi?

Dada, kosa si lako. Simu huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi twahesabu kuanzia macheo. Hata ukiiweka Flutter kwenye Kiswahili, na Kiswahili imo, itabadilisha majina ya siku na miezi. Tarakimu za saa itaziacha zilivyo.

Kwenye hifadhidata weka saa ya simu, usiiguse. Geuza pale tu inapoonyeshwa kwa mteja: chukua saa kwa mtindo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, ushike kinachobaki. Kwa Dart, lugha ya Flutter, ni `(saa + 6) % 12`. Jibu likiwa 0, andika 12. Saa 7 ya simu inakuwa 13, inabaki 1: saa moja asubuhi. Saa 18 inakuwa 24, inabaki 0, yaani saa kumi na mbili jioni.

Kile kidude cha kuchagulia saa kinachokuja na Flutter kiache kabisa. Tengeneza vitufe vyako vinne au vitano, "Saa 12 asubuhi", "Saa 1 asubuhi", na kila kitufe kibebe saa ya simu kwa ndani. Wewe huuzi mahamri saa nane za usiku, isipokuwa Ramadhani.

Na ukifika Ramadhani utakutana na mtego wa pili. Mzee wa Mji wa Kale akikwambia "usiku wa Ijumaa", huenda anakusudia usiku unaoifuatia Alhamisi, kwa sababu kwake siku mpya imeshaingia magharibi. Kalenda ya simu bado inauhesabu Alhamisi mpaka saa sita za usiku. Oda za daku zionyeshe tarehe waziwazi, na maneno "kuamkia Ijumaa".

Jambo jingine nimeliona kwenye picha uliyonitumia: "Viazi 1 yameagizwa". Umeandika sentensi moja ukaacha pengo la kutia jina la chakula. Kiingereza chavumilia hilo, Kiswahili hakivumilii: hamri 1 limeagizwa, mahamri 5 yameagizwa, kiazi 1 kimeagizwa, viazi 5 vimeagizwa. Ama uandike sentensi kamili kwa kila chakula, ama ufanye kama risiti: "Viazi karai: 5". Mimi ningefanya kama risiti.

Nikibonyeza kitufe cha kuongeza, namba haibadiliki kwenye skrini. (Mwanafunzi, Changamwe)

Namba imebadilika, ila skrini haina habari. Wijeti, yaani kipande hicho cha skrini, iwe ya `StatefulWidget`, na hesabu uifanye ndani ya `setState`, inayoiambia skrini ijichore upya. Ile michirizi ya manjano na nyeusi uliyoitaja chini ya barua ni `Column`, yaani vitu vilivyopangwa wima, iliyozidi urefu wa skrini, izungushie `SingleChildScrollView`.

Naweza kuweka malipo ya M-Pesa moja kwa moja ndani ya programu?

Malipo, ndiyo. Funguo za siri za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hapana. Faili ya APK, ile ya kusakinishia programu ya Android, yeyote anaweza kuifungua akasoma kilichomo, na funguo zako zikiwa humo umempa mpita njia ufunguo wa duka. Programu ipeleke ombi kwenye seva yako. Seva ndiyo izungumze na Daraja, dirisha la PIN limtokee mteja, na majibu yarudi kwenye anwani ya HTTPS ya seva hiyo hiyo. Usitengeneze kamwe kisanduku chako cha kuombea PIN. Kama wateja wako ni majirani 30, waonyeshe nambari ya till walipe wenyewe.

Kuiweka dukani ni pesa ngapi?

Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na utahitaji Mac ya kuijengea, hata kama msimbo ni ule ule mmoja. Akaunti binafsi ya Google Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 hutakiwa kwanza kupata wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo. Kwa mwenye mahamri hilo si tatizo, wateja wa asubuhi wanatosha. Kabla ya hapo watumie APK kwa WhatsApp, na ujenge kwa `--split-per-abi` ili faili iwe ndogo, maana bando ni lao.