Kompyuta ikizimia kwenye kuwaka, usikimbilie kupiga Windows

Hapa mjini kompyuta ikigoma kuwaka, dawa ni moja tu: piga Windows upya, yaani ifutwe na kuwekwa mpya. Iwe skrini imekuwa nyeusi, iwe imegeuka bluu, iwe inajiwasha na kujizima yenyewe, fundi atachomeka flashi yake, utalipa chochote mlichokubaliana, na kesho yake unaondoka na mashine inayowaka vizuri. Unafika nyumbani, unaunganisha intaneti, siku mbili tatu zinapita, na ugonjwa ule ule unarudi kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Kinachotokea hapo si uchawi. Windows iliyopigwa upya mara nyingi haina draiva kamili (programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa) ya kadi yako ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini. Inajikimu na draiva ya msingi, ile ambayo ukifungua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, utaiona imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Draiva hiyo inaweza kuonyesha picha na si zaidi ya hapo. Haiiamshi kadi ifanye kazi yake halisi. Ndiyo maana kwa fundi kila kitu kilikuwa shwari. Ukishaingia kwenye mtandao, Windows Update inashusha draiva kamili kimyakimya, kadi inaamshwa, na kama tatizo lilikuwa hapo tangu mwanzo, linajitokeza. Umelipia kupotezewa mafaili yako, na kilichoguswa sicho kilichokuwa kinaumwa.

Kwa hiyo mtu akiniletea kompyuta inayozimia kwenye kuwaka, swali langu la kwanza ni: inazimia wapi? Watu wengi hujibu "inazima tu". Nawaomba waiwashe mbele yangu, na mimi natazama skrini bila kugusa kitu.

Kuna hatua tatu za kutazama. Ya kwanza ni nembo ya mtengenezaji, ile inayotokea mara tu baada ya kubonyeza kitufe. Hapo Windows bado haijaanza kazi, na draiva yake haipo kabisa. Ukiona mistari ya rangi, vidoti vilivyotapakaa, au nembo yenyewe imechanikachanika, usimalize bando lako kushusha draiva. Hilo ni suala la chuma: kadi, skrini, waya wa skrini, au RAM (kijiti cha kumbukumbu) iliyokaa vibaya. Anza na waya na RAM, maana havina gharama. Toa RAM, safisha meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, irudishe mpaka usikie imebana.

Ya pili ndiyo tamu zaidi. Nembo imepita salama, vidoti vya Windows vimezunguka, kisha kabla ya sehemu ya kuandika nywila skrini inakata. Kwenye mashine isiyo na tatizo pia utaona skrini ikipepesa kidogo hapo. Ndipo draiva kamili inapopokea kazi kutoka kwa ile ya msingi. Ikifia hapo, sasa unayo haki ya kuishuku draiva, ingawa haki ya kuihukumu bado. Nitarudi kwenye hilo.

Ya tatu ni pale unapoingia kabisa, unaona mafaili yako, halafu baada ya muda mfupi inaganda. Mara nyingi nakuta programu inayojiwasha pamoja na Windows ndiyo inayochokoza: ya kuongeza kasi ya kadi, ya kurekodi skrini, ya kuwasha taa za rangi kwenye kesi ya kompyuta. Zizime zote kwenye Task Manager, sehemu ya Startup, uwashe upya.

Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko hai, ila picha haikufikii. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo ni amri ya kuianzisha upya draiva ya grafiki, na mara kadhaa nimeona picha ikirudi papo hapo. Kwa wenye kompyuta ya mezani, angalia pia waya wa skrini umechomekwa wapi. Ukiwa umechomekwa kwenye ubao mama ilhali kadi ya grafiki ina matundu yake chini, unaweza kukesha unatafuta ugonjwa ambao haupo.

Kwa nini kitu kidogo kama draiva kiangushe Windows nzima? Kwa sababu inafanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ambako kosa moja halina wa kulidaka. Mnakumbuka Julai 19, 2024, viwanja vya ndege na mabenki yalivyokwama dunia nzima: faili moja bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike, inayokaa kwenye kiini hicho hicho, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5. Kwa grafiki, Windows ina mlinzi wake tangu enzi za Vista, mwaka 2007. Kadi isipojibu ndani ya sekunde 2, mlinzi anaianzisha upya draiva. Ikifanikiwa, unaona skrini imezima kidogo na kurudi. Ikishindikana, unapata skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE, na mara nyingi jina la faili chini yake. Piga picha kwa simu kabla haijapotea. Jina likiwa nvlddmkm.sys ni draiva ya NVIDIA, atikmpag.sys au amdkmdag.sys ni ya AMD, igdkmd64.sys ni ya Intel. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo yote utakayompa fundi.

Sasa, unaingiaje kurekebisha wakati hata skrini huioni? F8 ya zamani sahau. Tangu Windows 8 haifanyi kazi bila kuwezeshwa kwanza. Washa kompyuta, na vidoti vikianza kuzunguka shikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikate. Rudia. Baada ya mara mbili au tatu mfululizo Windows yenyewe inakubali kuwa kuna shida na inafungua ukurasa wa matengenezo. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart. Itakuja orodha ya namba. Bonyeza 4 uingie Safe Mode, au 5 ukitaka na mtandao. Hapa wengi hukutana na BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski, inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo, hivyo uutafute kwa simu kabla hujaanza. Na uikumbuke nywila yako halisi, maana PIN huweza kukataa humo.

Safe Mode inawaka kwa ile draiva ya msingi. Ikikubali kuingia na ikatulia, umepunguza nusu ya kazi: huenda Windows yenyewe haina tatizo. Ikifa hata humo, acha habari za draiva ya kadi, shuku vyuma kwanza.

Ukiwa ndani, fungua Device Manager, Display adapters, bofya kulia kwenye kadi yako, Properties, sehemu ya Driver. Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, bonyeza Roll Back Driver inarudi ya awali. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya awali iliyohifadhiwa, basi itoe kabisa. Mimi napenda kutumia Display Driver Uninstaller, programu ya bure inayofagia hata mabaki. Lakini kata intaneti kwanza! Usipokata, Windows itashusha ile ile mbovu wakati wewe unashangilia. Kwa hiyo draiva unayotaka kuweka iwe imeshashushwa kwenye flashi mapema. Za NVIDIA siku hizi zinapita megabaiti 500, jipange na bando.

Draiva ipi? Kwa laptopu, naanza na ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu yenyewe, kwa kuandika modeli kamili iliyo chini ya mashine. Kwa kompyuta ya mezani, nakwenda kwa mtengenezaji wa chipu. Mpya zaidi si lazima iwe bora, hasa kwa hizi mashine za mtumba tunazonunua. Kadi za NVIDIA za kizazi cha Kepler, mfano GTX 660 na GTX 770, zimeishia kwenye draiva za mfululizo wa 470. Ukilazimisha za juu unajitafutia kesi. Laptopu yenye chipu mbili, ya Intel na ya NVIDIA, inahitaji draiva za zote mbili, na njia ya haraka ya kujua mkorofi ni nani ni kuizima moja kwenye Device Manager na kuwasha upya. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, mimi nazitoa kila ninapozikuta.

Kuna aina moja ya kugoma ambayo inapotosha sana. Mama mmoja jirani yetu, mwenye duka la steshenari, aliniita: "Mwanangu, asubuhi inanigomea, inakuwa nyeusi. Nikiizima kwa nguvu nikaiwasha tena, inakubali. Na wateja wanasubiri kuprinti." Nikamuuliza, "Mama, ukichagua Restart mchana inagoma?" Haigomi. Nilishapata jibu kabla sijaigusa. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down kompyuta haizimi kikamilifu. Inahifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski, pamoja na draiva zilivyokuwa, ili kesho iwake haraka. Inaitwa Fast Startup. Draiva ikiamshwa vibaya kutoka usingizi huo, unapata giza. Restart, kinyume na watu wanavyodhani, ndiyo inayoanza upya kwa ukamilifu. Tiba: Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, kisha toa tiki kwenye Turn on fast startup. Kama maandishi yamefifia, bofya kwanza Change settings that are currently unavailable. Mama akalalamika kuwa sasa inachelewa kidogo kuwaka, akazoea.

Nilisema nitarudi kwenye kuihukumu draiva. Kuna kijana anahariri video za harusi, kompyuta yake ya mezani ilikuwa inakata kila ikifika kwenye kupepesa kule kabla ya nywila. Safe Mode inaingia bila shida. Nikafagia draiva, nikaweka nyingine, ikakata. Nikaweka ya zamani, ikakata.

"Fundi, si upige tu Windows tumalize? Nina kazi ya kukabidhi Jumamosi."

"Kaka, hii imeshapigwa Windows kabla haijafika kwangu. Ngoja nifungue kesi."

Kadi yake ilikuwa na tundu la umeme la pini 8, lakini pawasaplai haikuwa na waya wa aina hiyo. Aliyeifunga alitumia kiunganishi cha kuchukua umeme kutoka kwenye waya za pini 4, za kizamani. Nilipokichomoa, plastiki kuzunguka waya wa njano ilikuwa imegeuka kahawia, na pini moja imekuwa nyeusi. Waya wa njano ndio unaobeba volti 12. Tundu la kadi kwenye ubao mama linatoa hadi wati 75, waya wa pini 6 wati 75 nyingine, na wa pini 8 wati 150. Kabla draiva haijapakiwa, kadi inasinzia na kula umeme kiduchu. Draiva ikishika usukani, kadi inapanda kasi, inavuta umeme kwa mkupuo, na kiunganishi kilichochoka kinashindwa. Gari bovu kwenye tambarare linakwenda. Mlima ndio unaolisema. Tulibadilisha pawasaplai, tukaweka yenye waya wa pini 8 wa kwake, na draiva ile ile niliyoitoa mwanzo ikafanya kazi.

Ndiyo maana Safe Mode ikiingia vizuri, hiyo pekee haitoshi kuiondolea kadi na umeme wake lawama. Kama draiva mbili za umri tofauti zimekataa mahali pale pale, acha kushusha ya tatu. Angalia umeme, vumbi kwenye feni, na pasta ya kupoozea chipu iliyokauka. Kwenye laptopu za zamani, chipu yenyewe inaweza kuwa imechoka, na utaambiwa "tuichome" kwa hewa ya moto. Inaweza kuamka, ila kwa niliyoyaona haidumu; kama ina chipu ya Intel pembeni, afadhali uizime ile mbovu uendelee na kazi.

Wa Linux, kwa kifupi: kwenye GRUB, menyu inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset, kisha Ctrl na X. Itawaka na picha ya kimsingi, utengeneze ukiwa ndani. Kama imeanza baada ya kusasisha, chagua kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani kwenye Advanced options. Mara nyingi ni moduli ya NVIDIA haikujengwa kwa kerneli mpya, au Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, imeikataa.

Na ikibidi kweli kupiga Windows, okoa mafaili kwanza hata kama haiwaki. Kwenye ule ukurasa wa matengenezo fungua Command Prompt, andika notepad, bonyeza Enter. Chagua File, Open, na chini kwenye aina ya mafaili weka All Files. Lile dirisha dogo linakuonyesha diski zako zote, na humo humo unaweza kubofya kulia, kunakili folda yako na kuibandika kwenye flashi. Herufi za diski zinaweza kubadilika humo, kwa hiyo C usiyoitambua isikutishe. Tafuta folda ya Users kwenye nyingine.