Kulitafsiri neno "uncanny": anza na kile msomaji anachokijua

Ukilitafsiri neno la Kiingereza uncanny kuwa "ya ajabu", umekosea kidogo. Ukisema "ya kutisha", umekosea zaidi. Simba akitokea kichakani anatisha, lakini hakuna Mwingereza atakayemwita uncanny. Neno hili ni la kitu unachokijua vizuri, ila mahali pamoja tu kimekataa kuwa vile unavyokijua.

Asili yake inasaidia. Limetoka Uskoti na kaskazini mwa Uingereza. Canny ni mtu mjuzi, mwangalifu, wa kuaminika, na ni ndugu wa kitenzi ken, ambacho Waskoti wanakitumia hadi leo kwa maana ya kujua. Kiambishi un- ni cha kukanusha. Hapo mwanzo uncanny alikuwa mtu asiye salama kumwamini, na kufikia karne ya 18 neno likaanza kubeba harufu ya mambo ya giza. Ujuzi ndio mzizi wake. Hofu ilikuja baadaye.

Wajerumani wamelifikia jambo hilo hilo kwa mlango wa nyumba. Insha ya mwaka 1919 ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, inaitwa Das Unheimliche, ambalo ndilo uncanny yao, na ndani ya neno hilo mna Heim, yaani nyumbani. Freud alikazia kwamba heimlich ina maana mbili: ya nyumbani na ya siri. Msomaji wa Kiswahili haoni ugumu hapo, kwani nasi tukisema "mambo ya ndani" tunamaanisha yote mawili.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta neno moja. Jenga sentensi kwa mpangilio huu: weka kwanza kile kinachojulikana, kikae vizuri, kisha onyesha ufa mmoja. Mmoja tu, ukiweka mitatu unapata kioja, na msomaji anacheka. Mfano: "Sauti ilikuwa ya mama, hata namna yake ya kuvuta jina. Lakini mama alikuwa amelala mbele yangu." Hadithi za pwani zinaujua ufundi huu siku nyingi: mwanamke mrembo, kanga nzuri, mazungumzo matamu, kisha jicho linashuka na kukuta kwato. Angekuwa na pembe na mkia pia, angekuwa zimwi tu.

Baada ya ufa, hisia ionekane mwilini. "Mwili ulimsisimka" au "nywele zilimsimama" hufanya kazi kuliko kivumishi chochote. Mauzauza na maluweluwe yatumie kwa uangalifu, kwa sababu yanamwambia msomaji kwamba tatizo liko machoni mwa anayeona, ilhali uncanny inaacha swali hilo wazi.

Kosa lingine la kawaida ni kusahau kwamba neno hili husifu pia. Mtu mwenye uncanny ability ana kipaji kisichoelezeka. Ukimtilia hofu umemsingizia. Na watu wenye uncanny resemblance wamefanana kama shilingi kwa ya pili, basi.

Majirani zake wanahitaji kutengwa. Eerie ni ya mahali au hali: kimya kilichotanda, barabara tupu saa saba mchana. Zamani ilimwelezea mwenye woga mwenyewe, si kinachomtia woga. Weird inatokana na wyrd ya Kiingereza cha kale, yaani majaliwa. Ndiyo maana Weird Sisters, wale wachawi watatu wa Shakespeare katika tamthilia ya Macbeth, ni wenye kushika majaliwa ya watu, na kuwaita "dada wa ajabu" ni kuwapunguza sana.

Kuna pia uncanny valley, dhana ya mwaka 1970 ya Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani. Kadiri roboti inavyofanana na mtu, ndivyo tunavyoipenda, mpaka inapokaribia kabisa, na upendo unaporomoka. Mfano wake ni mkono wa bandia unaoonekana wa kweli: ukiushika, ni baridi. "Bonde" hapa ni mteremko wa mstari kwenye grafu, kwa hiyo "bonde la ajabu" linampeleka msomaji milimani. Sisi tungeandika "bonde la mashaka", na mara ya kwanza linapotajwa tungeueleza mkono ule wa baridi.