Ski juu ya volkano: mutu wa Goma akienda Etna achunge nini

Ndugu zangu ba Goma mulioko Ulaya, kama munataka kujifunza ski, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, musikimbilie milima ya Alpes tu, kuna Etna kule Sicily, Italia, volkano hai kabisa na bado batu banateleza juu yake huku bahari wanaiona chini. Mimi nilijifunzia upande wa Nicolosi, unapanda na gari mupaka kituo cha Rifugio Sapienza, karibu metre 1,900, kisha teleferiki, vile vibanda vinavyoning'inia kwa kamba, njo inakupeleka juu.

Ski ukodishe, usinunue mpya. Chini ya theluji kuna mawe ya lava, yale yale tunajengea kwetu, makali, na theluji ikiwa nyembamba yanakwangua ski mupaka chini inabaki mistari mistari.

Halafu kuna majivu, hayo njo yenyewe. Volkano ikitema, majivu meusi yanajitandika juu ya theluji, unateremka vizuri tu, ghafula ski inashikwa kama imeingia mchangani na mwili unaendelea mbele peke yake. Ukiona weusi punguza mwendo mapema, kunja magoti, usijifanye bingwa. Jua likiwaka ule weusi unavuta joto, theluji inalainika haraka, na upepo ukianza utashukuru miwani yenye kufunga macho yote.

Siye tunajidai tunajua volkano, lakini Etna si Nyiragongo, volkano yetu ya Goma. Huku kwetu bonde la ufa linapasua Afrika, na lava ya Nyiragongo iko na silika (ile madini inafanya lava kuwa nzito) kidogo sana, nyepesi kama maji, njo maana 1977 ilishuka mbio batu hawakupata nafasi ya kukimbia. Kule Afrika inasukumana na Ulaya, na lava ya Etna ni nzito, inaenda polepole, mara nyingi unaishinda mwendo kwa miguu. Huo upole njo unadanganya batu wanasogea kupiga picha, na mu mwezi wa tatu 2017 lava ilikutana na theluji, maji yakageuka mvuke mara moja, ikalipuka, mawe ya moto yakaruka na batu wakaumia, hata timu ya BBC ilikuwemo.

Tena 2002, lava ya Nyiragongo iliingia kwetu Goma mwezi wa kwanza, na mwezi wa kumi lava ya Etna ikabomoa kituo cha ski cha Piano Provenzana. Wakajenga tena, si unajua.

Basi kabla ya kupanda uliza wale wa teleferiki kama juu kumefunguliwa. Wakikuambia hapana, usibishane nao, shuka mujini Catania ukule arancini, yale madonge ya wali ya kukaanga.