Maswali na Majibu: Sampuli Isiyoshika Kwenye Kioo

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: sampuli imewekwa kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha darubini, ikifika kwenye rangi inaondoka na maji.

Assalaam alaykum mwalimu. Nimepaka slaidi polilaisini, dawa ya kunatisha seli kwenye kioo, nikaweka seli za mashapo ya mkojo. Nilipopaka rangi zote zikaondoka. Dawa imeharibika? (Mwanafunzi wa maabara, Chake Chake)

Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya kuilaumu dawa, kitazame kioo. Kioo kina chaji hasi, na utando wa seli nao una chaji hasi. Polilaisini ina chaji chanya, basi inakaa katikati, huku imeshika kioo, huku imeshika seli. Pakiwa na mafuta chini yake, itashika mafuta, na mafuta hayakushika kitu.

Mwaka wangu wa mwanzo maabara nilipaka slaidi 50 asubuhi moja kwa mikono mitupu. Jioni, chini ya lenzi, nikaona michirizi iliyopindana, moja ndani ya nyengine, imekolea rangi. Ilikuwa alama ya dole gumba langu. Seli zilizosalia zilikuwa pembeni mwake tu. Tangu siku hiyo sikamati slaidi ila kwa kingo, na glavu mkononi.

Slaidi mpya usiihesabu kuwa safi. Ioshe kwa sabuni, isuuze kwa maji mengi, kisha ichovye kwenye spiriti ya asilimia 70 iliyotiwa asidi ya hidrokloriki asilimia 1. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyokenekwa, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yamepita kwenye mawe ya chokaa na yakikauka huacha madoa meupe. Halafu ijaribu: ichovye majini, isimamishe. Maji yakitanda utando mmoja na kuteremka pamoja, kioo ni safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la jimbi, rudi kwenye sabuni.

Polilaisini ya asilimia 0.1 ichanganye fungu moja kwa mafungu tisa ya maji yaliyokenekwa. Tumia chombo cha plastiki, maana cha kioo kitainyonya dawa kwenye kuta zake. Slaidi zikae dakika 5, zichuruzike, zikauke kwa nyuzi 60 muda wa saa moja, au usiku kucha mezani pasipo vumbi. Na mashapo yako yasuuze kwanza kwa maji ya chumvi ya maabara, kwani protini za mkojo huwahi kukalia nafasi za seli. Ukishaziweka, ziache zitulie dakika 10 hadi 15 kabla ya kuendelea.

Polilaisini ni ghali. Kwa nini tusipake ute wa mwani wetu wa Paje na Jambiani, ambao unaganda vizuri? (Mwalimu wa skuli, Kusini Unguja)

Swali hili limenifurahisha sana, maana ndivyo mtu wa sayansi anavyotakiwa aitazame pwani yake. Lakini ute huo, karajinani, umejaa salfati, na salfati zinaupa chaji hasi. Kioo hasi, ute hasi, seli hasi: vyote vinasukumana. Utaganda, ndiyo, kisha utabanduka kama ganda.

Cha bei nafuu ni jelatini na shabu ya kromi. Yeyusha gramu 0.5 za jelatini isiyo na sukari wala ladha katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, moto usizidi nyuzi 60. Ikipoa tia gramu 0.05 za shabu, chuja, chovya slaidi, zianike wima. Si shabu nyeupe ya dukani. Hiyo ya kromi ina fuwele za zambarau iliyokoza, na ndiyo inayofunga jelatini isiyeyuke tena. Tengeneza ya kutumia siku hiyo hiyo, kwani jelatini huoza.

Slaidi za malaria nazo nizipake? (Wete)

Hapana. Tone nene la damu linahitaji kioo safi na subira ya kukauka vizuri, basi. Usilipashe moto wala usilitie methanoli: chembe nyekundu lazima zipasuke ndani ya rangi ya Giemsa ndipo vimelea vionekane.

Natumia silani ya amino, dawa nyengine ya kunatisha sampuli, kwenye asetoni. Kiangazi inakubali, masika slaidi zinatoka na ukungu mweupe. (Mjini Unguja)

Ni unyevu. Silani ikikutana na maji huungana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kukifikia kioo, na huo ukungu ndio mabonge yake. Chupa ikitoka kwenye friji, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo itatoa jasho ndani. Tumia asetoni kavu, changanya asilimia 2 wakati ule ule unaotaka kuitumia, na slaidi ziingie zikiwa kavu kabisa. Suuza kwa asetoni mara mbili ndipo uje kwenye maji. Kaa mbali na moto, madirisha wazi.

Nimeweka mchele kwenye boksi la slaidi uvute unyevu. Nimekosea? (Mkoani)

Mchele huvuta kidogo na polepole, tena huacha unga. Chembe za wanga zikiingia kwenye sampuli, anayejifunza atazihesabu kuwa kitu. Tafuta silika ya buluu, chembe za kuvuta unyevu. Ikigeuka waridi imeshiba, ikaushe kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 120 hadi buluu irudi. Funga slaidi mafungu madogo, kila fungu na silika yake, kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Zile ambazo tayari zimegandana na kuota ukungu usioondoka kwa sabuni zitoe kabisa: uso wa kioo wenyewe umeshalika, na hakuna cha kupaka kitakachokaa juu yake.