Bodisi ya jukwaani: maswali na majibu

Nimechora patani (kiolezo cha kukatia) kwa vipimo vyangu, lakini bodisi, vazi la juu linalobana kiwiliwili, inaachama shingoni. Nilipima vibaya?

Vipimo huenda viko sawa. Dati, ule mkunjo wenye ncha unaokipa kifua nafasi, ndiyo ndogo, basi kitambaa kinachozidi kinakimbilia shingoni. Usiichimbe shingo, hapo kitambaa kimekaa mshazari, ukikikata tena kinanyumbuka zaidi. Shona ya majaribio kwa amerikani, ivae, bana uwazi kwa pini, uupime. Kwenye patani piga mstari kutoka shingoni hadi kilele cha kifua, kata mstari huo na mguu mmoja wa dati (mstari wa upande wake mmoja), kisha funga ule uwazi. Dati itapanuka yenyewe. Ncha yake iishie sentimita 2 hadi 3 kabla ya kilele, la sivyo itachongoka.

Mwigizaji akiinua mikono, bodisi nzima inapanda. Nimechimba kwapa zaidi, hali imekuwa mbaya zaidi.

Ni lazima iwe mbaya zaidi. Tundu la mkono likishuka, mshono wa ubavuni unakuwa mfupi, na mkono ukiinuka hauna pa kupata urefu ila kuivuta bodisi yote kutoka kiunoni. Fanya kinyume: pandisha tundu hadi sentimita 1.5 au 2 tu chini ya kwapa. Mvaaji atahisi nguo imemkaribia, lakini ataweza kuinua mkono na kiuno kibaki mahali pake.

Ikiwa bodisi ina mikono, punguza kimo cha kilele cha mkono wa nguo, sehemu ya juu inayoshonwa kwenye tundu, na uongeze upana wake. Mikunjo michache itatokea kwapani mkono ukiwa chini, na kwa vazi la kuchezea ni afadhali hiyo. Isipotosha, weka kikwapa: kipande cha pembe nne, sentimita 8 kila upande, kilichokatwa mshazari. Pembe zake ndizo huchanika kwanza, kwa hiyo zitilie kiraka chembamba kwa ndani kabla hujakata mpasuo.

Vijiti vya chuma vinavyoikakamaza bodisi vinatoboa kitambaa chini.

Ni virefu mno. Kijiti kiwe kifupi kuliko mfereji wake, ile njia ya kitambaa kinamokaa, kwa sentimita 1 hadi 1.5, na ncha zake zifunikwe. Kijiti chenye upana wa milimita 7 kinataka mfereji wa milimita 9 au 10. Mfereji ushone kwenye bitana nzito, usiushone kwenye kitambaa cha nje.

Nyuma nitafunga kwa kamba. Nipunguze upana kiasi gani?

Sentimita 5 kwa jumla, yaani 2.5 kila upande, ili kamba iwe na pa kukaza. Matundu ya kamba yaachane sentimita 2, na kila safu iwe na kijiti pande zote mbili. Pasipo vijiti, ukingo unajikunja kama karatasi. Toboa kwa msharasi (chuma chenye ncha kali cha kutobolea), usitumie mkasi: nyuzi zinasogea bila kukatika, na tundu linadumu.

Ziada ya mshono, kitambaa cha kuacha nje ya mstari wa kushona, iwe kiasi gani?

Sentimita 2.5 ubavuni, 1 shingoni na kwapani. Kila kipande kipigie bandi (mishono mirefu ya muda) pamoja na bitana yake, kisha vishone kama tabaka moja. Vazi likipewa mtu mwingine, utafumua ubavu tu.