Jibu kwa dada wa Mafinga: wino unaotapakaa na petali zinazochanika kwenye kadi za maua

Dada wa Mafinga, umeuliza kwa nini maua unayogonga kwa muhuri yanatapakaa wino, kwa nini petali zinachanika unapozitoa kwenye kisu cha umbo (kile cha chuma chembamba chenye makali ya umbo la ua, kinachokata karatasi kikibanwa kwenye mashine ya rola), na kama inafaa ukope fedha ili ununue mashine kubwa zaidi ya kukatia. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kutengeneza kadi za mkono hapa Mbeya, za harusi, kipaimara, pole na shukrani, na kwa namna ulivyoeleza, naona kasoro zote mbili zinatoka kwenye karatasi. Kwa hiyo nakuomba usikope kwanza.

Manila nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule zimekusudiwa chati za ukutani. Kwa macho ni nene, lakini nyuzi zake hazijashikana vizuri, na ndiyo maana hunywa wino upesi na kuusambaza pembeni, kisha zikibanwa na kisu chembamba huvutika na kuchanika badala ya kukatika. Kabla ya kununua, omba kipande kimoja, udondoshe tone la maji juu yake. Tone likizama papo hapo na kutanuka, wino nao utafanya hivyo hivyo. Likibaki juu kama shanga, jambo ambalo hutokea kwenye karatasi zenye mng'ao, wino hautapata pa kuingia na utafutika kwa kidole hata kesho yake. Inayofaa ni ile inayoliacha tone likae kidogo, kisha inalipokea taratibu pasipo kulitanua.

Jambo la uzito wa karatasi ndilo lililonigharimu zaidi. Nilipokea kazi ya kadi 60 za kipaimara, nikanunua pakiti iliyoandikwa gramu 250, na nilipofika kadi ya ishirini na kitu niliona kila ua ninalolibandika linaipinda kadi nzima, tena haisimami mezani. Nilihuzunika sana, kwa sababu mama aliyeniagiza alikuwa amelipa nusu na siku zilikuwa zimebaki nne. Jirani yangu mwenye duka la nafaka ndiye aliyeniruhusu nitumie mzani wake, na hapo nikagundua kwamba maandishi ya pakiti hayakuwa ya kweli. Hesabu yake ni rahisi: gramu zinazotajwa ni uzito wa mita moja ya mraba, na karatasi 16 za A4 hufanya takriban mita moja ya mraba. Basi karatasi 16 za gramu 250 zinapaswa kusoma robo kilo kwenye mzani. Zangu zilisoma gramu 180. Tangu siku hiyo sinunui pakiti mpya bila kuipima, na kwa mwili wa kadi situmii karatasi iliyo chini ya gramu 250, ilhali kwa petali hushuka hadi 160 au 180, kwa kuwa petali nene haikubali kukunjwa.

Tazama pia mwelekeo wa nyuzi. Pinda karatasi kidogo, bila kuikunja, kwa urefu na kisha kwa upana. Mstari wa mpindo unaokubali kwa ulaini zaidi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wa kadi uende sambamba nao, la sivyo mgongo utapasuka na kuonyesha vinyweleo. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino kando ya rula ya chuma ili kuweka mfuo. Mimi hukata A4 katikati, nikapata vipande viwili vya milimita 210 kwa 148.5, na kila kimoja kikikunjwa huwa A6, ambayo huingia vizuri kwenye bahasha ya C6 yenye milimita 162 kwa 114.

Kuhusu kukata, gonga muhuri kwanza juu ya karatasi pana, acha wino ukauke, ndipo uweke kisu cha umbo juu ya picha na kukishikilia kwa utepe wa karatasi wenye gundi isiyonata sana. Ukikata kwanza, petali ndogo itateleza chini ya muhuri. Makali ya kisu yaelekee karatasi, na kisu chenyewe kikae mshazari kidogo kati ya mabamba mawili yanayopita kwenye mashine, ili ukingo mrefu usiingie wote kwa mara moja kwenye rola. Sehemu ya katikati isipokatika, usikaze mashine kwa nguvu. Ongeza karatasi moja ya kawaida chini ya bamba, upitishe tena. Kwa maumbo yenye matundu madogo, kipande cha karatasi ya kuokea mikate kati ya kisu na karatasi yako husaidia petali kutoka bila kuchanika. Mashine yako ndogo inatosha kabisa kwa kazi hii.

Mvua za kwetu, kuanzia Novemba hadi Aprili, hulegeza karatasi yoyote. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, uitoe kwa kadiri unayotumia siku hiyo, na gundi nyeupe uitie vitone vidogo katikati ya ua pekee, kwa sababu maji yaliyomo ndiyo yanayoipinda kadi.

Sasa nikuombe jambo moja ambalo hukuliuliza. Visu vya umbo vinavyoagizwa kutoka nje huja na waridi, waridi na waridi tena, ilhali wewe unaishi katika nchi ya pareto, ua jeupe lenye kiini cha njano na petali nyembamba, ambalo kwa mkataji anayejifunza ni rahisi kuliko waridi. Kitulo nayo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ina zaidi ya aina 40 za okidi. Muhuri wa maua haya unaweza kuuchonga mwenyewe kwenye kifutio: chora ua kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, uilaze kifudifudi juu ya kifutio kikubwa, usugue. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukichonga na kugonga utarudi sawasawa. Pareto ya karatasi nyeupe juu ya karatasi ya kaki ndiyo kadi ninayoulizwa zaidi na wateja. Karatasi ya mkono ya kinyesi cha tembo, wanayoitengeneza Neema Crafts pale Iringa, nayo naipenda sana kwa mandhari ya nyuma, ila mistari midogo ya muhuri hupotea juu yake kwa vile ina mikwaruzo.

Ukishapima karatasi zako 16, tafadhali andika hapa zimesoma gramu ngapi na tone la maji limefanya nini, nami nitakuambia kama zinafaa kwa petali au tuzitafutie kazi nyingine.