Mwanangu, baada ya kustaafu nilikaa na nani

Mwanangu mpenzi,

Hapa Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa nimeusikiliza mara mbili. Unasema baba mkwe wako anastaafu Desemba na ameanza kunyamaza mezani, nawe ukakumbuka nilivyonyamaza mimi ule mwaka wangu wa kwanza. Unauliza nilitokaje mle, maana siku hizi ukinipigia jioni unasikia vicheko vya watu nyuma yangu.

Niliacha kazi 2021, nilipotimiza miaka 60. Miaka 36 chaki mkononi: Urambo, Handeni, Korogwe. Kila tulipohamishwa tuliwaaga marafiki, na kila tulipofika wengine walikuwa wananingoja ofisini kwa walimu. Kwa hiyo sikuwahi kutafuta rafiki. Kazi ndiyo iliyonitafutia. Kabla ya kuondoka tuliitwa semina ya wastaafu. Tukafundishwa mafao ya mkupuo, pensheni ya kila mwezi, kuku wa mayai, nyumba za kupangisha. Nikaandika yote daftarini. Hakuna aliyetuuliza jioni tutakaa na nani, nami sikuwaza kuuliza.

Saa kumi na moja alfajiri macho yalifunguka yenyewe. Nilioga, nikapiga pasi suruali, nikakaa sebuleni na kalamu mfukoni. Mama yako akitoka jikoni ananikuta pale pale. Wiki za mwanzo simu ziliita, walimu wenzangu wakiulizia hali. Halafu zikapungua, na siwalaumu, walikuwa na vipindi. Mmoja aliyebaki karibu alikuja na hesabu za kilimo cha matikiti. Nikampa fedha, zikapotea, naye akapotea. Fedha niliisamehe mapema. Yeye nilimsikitikia muda mrefu.

Kitu kilichonifungua macho ni mama yako. Yeye hakustaafu. Jumamosi ana kikoba chake, jioni nyingine yuko kwenye maulidi au anachambua mchele wa arusi ya jirani. Nikawa najiuliza hawa watu wote amewapata lini. Amewapata miaka ile ile mimi nikisahihisha madaftari, kila mji tuliohamia, akipeleka sukari msibani na kukaa na mzazi aliyejifungua. Sisi akina baba wengi tunaliacha jambo hili kwa wake zetu, kisha tunafika ustaafuni mikono mitupu. Mwambie mumeo hilo sasa, angali kijana.

Siku moja mama yako akanituma Ngamiani kumlipa muuza kahawa deni la kashata. Ilikuwa baada ya Alasiri. Barazani walikaa wazee watano na bao katikati, akiwamo mzee wanayemwita Nahodha, aliyeendesha majahazi kati ya hapa, Pemba na Mombasa. Nililipa, nikageuka kuondoka. Muuza kahawa akasema, "Mwalimu, kahawa hainywewi umesimama." Nikakaa.

Unajua sikuwahi kucheza bao. Mashimo 32, kete 64, hizo komwe za kijivu zilizolainika kwa kushikwa na mikono mingi. Nikasema moyoni, mimi mwalimu wa hesabu, hili nitalijua kwa wiki moja. Nahodha, ambaye darasa la nne hakulimaliza, alinifunga kila siku kwa miezi. Mimi nikihesabu mtaji, yaani nafasi ya kula, ulio mbele yangu, yeye ameshaona kete zitakapolala baada ya mizunguko mitatu. Nikinyoosha mkono kula, ananigusa kiganja taratibu: "Iache hiyo, Mwalimu. Ukiila, nyumba yako, lile shimo lako kuu, inabaki wazi." Mwanangu, nilikuwa sijafundishwa kitu na mtu yeyote kwa miaka mingi. Nilirudi nyumbani usiku ule nikamwonyesha mama yako kwa maharage mezani jinsi kete zilizoliwa zinavyoanza kusambazwa kutoka kichwani, shimo la mwishoni mwa safu. Alinitazama, akaniambia sijaongea vile tangu tuhame Korogwe.

Lakini bao pekee halikunifanya nijisikie nina rafiki. Ilikuwa ile malaria ya mwaka 2022. Sikuonekana barazani siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu nasikia hodi, ni Nahodha na fundi cherehani, wamebeba machungwa ya Muheza. Hawakusema mengi. Fundi aliuliza, "Mbona kiti chako kitupu?" Nilipokuwa kazini, nisipofika, jina langu liliandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Hapa waliondoka wenyewe kunitafuta. Niliona machozi yananilenga, nikageukia ukutani.

Nami nina kazi yangu pale. Mwanawe Nahodha yuko Maskati, na macho ya mzee hayasomi tena herufi za simu. Jumatatu na Alhamisi tunasogea pembeni, namsomea, ananitajia majibu, naandika. Mengine ni mambo ya ndani ya nyumba yao na sijapata kuyasema hata kwa mama yako. Nadhani hapo ndipo urafiki wetu ulipo hasa, zaidi ya kwenye bao. Fundi cherehani tumemzika mwaka jana. Wiki nzima hakuna aliyekaa upande wake, na siku tuliyofungua tena bao ilibidi Nahodha aanze peke yake, sisi hatukuweza.

Sasa, mzazi mwenzangu. Usimnunulie televisheni kubwa zaidi. Na msimkabidhi wajukuu asubuhi hadi jioni mkidhani mnamchangamsha. Watoto ni furaha, lakini mtu wa miaka 60 anahitaji pia mtu wa kumkumbusha Mkwakwani, mwaka 1988, Coastal Union ilipokuwa bingwa, na huyo mtu awe alikuwepo. Mpe shughuli yenye saa yake, mahali ambapo asipofika watamuulizia. Asingoje Desemba. Aanze sasa hivi, akiwa bado anaitwa kwa cheo chake, ili watu wamzoee kabla hajakivua.

Uliniambia karibu na kwenu hapo Dodoma kuna fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini, na wazee hucheza drafti kando yake. Mpe baba mkwe wako viatu vya mtoto, mwambie avipeleke yeye mwenyewe jioni, na umwombe fundi asivishone haraka.

Baba yako